Spana Nyuma ya Pazia

Wapo watu Vuga, Unguja mjini, mpaka leo wanaosema kuwa sikukaa eda. Waseme. Nilikaa miezi minne na siku kumi, kila siku nimeihesabu. Sikuvuka kizingiti cha mlango wa njiani, sikutia wanja, sikutia hina, sikujifukiza udi, wala sikuonwa na mwanamume asiye maharimu yangu. Wanachotaka kusema hasa ni kwamba nilikaa eda chini ya gari. Hilo kweli, na sijamwomba mtu radhi kwa hilo.

Gari yenyewe ilikuwa ya marehemu mume wangu. Ya Kiingereza, ya zamani, ya mbio, viti viwili tu, boneti ndefu na paa la turubai la kukunja. Aliinunua kwa Mgoa mmoja aliyekuwa karani wa forodha, mwaka mmoja kabla hajanioa. Akaiingiza ghalani chini ya nyumba yetu, palipokuwa pakiwekwa magunia ya karafuu enzi za babu yake, akaifungua yote ili aitengeneze. Miaka thelathini na mbili baadaye ilikuwa bado imefunguliwa.

Kila Ijumaa baada ya sala alishuka ghalani, akachukua kipande kimoja, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha kwenye kopo la maziwa, akaandika juu ya kopo kwa mwandiko wake mzuri, kisha akapanda juu kula. Nikimuuliza lini itakwenda, jibu lake lilikuwa moja: mwakani, inshaallah. Majirani wakaiita mke mwenzangu. Mie sikuwa nikicheka. Mke mwenza angalau kuna zamu, na ile gari zamu yangu haikuniachia hata moja.

Wala hakunipa kuigusa. Mimi kazi yangu ni kushona mapazia na mito ya hoteli. Nilikuwa nikiendesha kigari changu cha mizigo mpaka Kendwa na kurudi, mara mbili kwa wiki, na tairi ikipasuka njiani nabadilisha mwenyewe. Lakini nikitia mguu ghalani naambiwa, "Usiguse bibi, utanipotezea skrubu." Nikaacha kushuka. Nilikuwa na hasira naye kwa jambo hilo, na kufa kwake hakukuiondoa. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia hadithi hii hudhani nilifanya yote kwa mapenzi. Mapenzi yalikuwapo, lakini si peke yake.

Siku ya arubaini, baada ya hitima, alikuja shemeji yangu, ndugu mdogo wa marehemu, muuza saruji wa Darajani. Walikaa ukumbini yeye, imamu wa msikiti wetu na binti yangu, ambaye ni mwalimu wa chuo huko Tunguu na ndiye mtoto wetu pekee. Mimi nilikuwa chumbani, nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo, nasikia kila neno. Walikuwa wanazungumza mirathi. Nyumba ni wakfu ya ukoo wao, haigawiwi, na mimi nina haki ya kukaa. Vya kugawa vilikuwa shamba dogo la minazi na gari. Binti yangu ana fungu lake, mimi nina thumuni yangu, kinachobaki ni cha shemeji. Sheria ndivyo ilivyo na sina neno nayo.

"Gari nshaipatia mtu," shemeji akasema. "Yuko mwenye hoteli Kendwa anaitaka."

"Ataitengeneza?" binti yangu akauliza.

"Aitengeneze ya nini, nayo haiendi? Atautupa huo mtambo wa mbele, gari aiweke mchangani karibu na baa, watalii wapige picha. Pale penye injini atatia barafu na chupa."

Hoteli ile naijua, mito yao nimeshona mimi. Nimeiona kwa macho yangu ngalawa iliyokatwa nusu, ikasimamishwa ukutani, ikatiwa rafu za chupa, na hakuna hata mmoja pale anayejua ilikuwa ya nani na ililisha watoto wangapi. Sasa marehemu wangu, ambaye hakuna Ijumaa iliyompita bila msikiti, gari yake ndiyo iwe sanduku la pombe.

"Shemeji," nikasema pale pale nyuma ya mlango, "nipeni gari iwe fungu langu. Shamba chukueni nyinyi."

Akacheka. Si mtu mbaya shemeji yangu, lakini ana kicheko cha kumfanya mtu ajione mtoto. "Shemeji, gari ni kitu kinachokwenda. Kile ni chuma."

"Kikienda?"

"Kikienda," akasema, na bado nasikia kicheko ndani ya maneno, "siku unayotoka eda, kwa injini yake, usukani umeshika wewe, kikakufikisha kwa mama yako Chwaka, basi kichukue, na fungu lako la shamba utalipata vilevile. Kisipofika, siku hiyohiyo lori linakuja kutoka Kendwa kukibeba. Imamu yupo, anasikia."

"Nimesikia," imamu akasema.

"Na mimi nimesikia," nikasema mimi.

Zilikuwa zimebaki siku tisini. Asubuhi yake nikavaa suruali ya marehemu chini ya kanga, nikashuka kwa ngazi za ndani mpaka ghalani, nikafunga mlango wa njiani kwa komeo, nikawasha taa. Makopo yalikuwa yamepangwa ukutani, mengi mno, kila moja na mwandiko wake. Springi za vali. Nati za sahani ya klachi. Vya kabureta, usiguse. Lile "usiguse" lilinifanya nikae chini sakafuni nilie, na nikiisha kulia nikalifungua kopo hilo la kwanza kabisa.

Jirani yangu mmoja mwanamke alipokuja kunitazama akanikuta na grisi mpaka kwenye viwiko. Akashika kifua. "Bibiye, eda gani hii?"

Nikamwambia, "Nimekatazwa manukato, nimekatazwa mapambo, nimekatazwa kutoka. Nitajie aliyekataza spana."

"Lakini watu watasema."

"Watu walisema nilipoolewa, wakasema nilipozaa mmoja tu, wakasema nilipoanza kuendesha gari. Kama wamechoka wapumzike."

Akaenda zake na chai hakunywa. Kesho yake akarudi, tena akaniletea matambara ya kufutia.

Kwanza nikapambana na kutu. Hewa yetu ya chumvi haina huruma na chuma. Chini ya miguu ya dereva palikuwa na tundu unaiona sakafu ya ghala. Bati jipya binti yangu alikwenda kulikatisha na kulichomelesha kwa mafundi wa Mwanakwerekwe, mimi nikampa kipimo nilichokata kwenye karatasi kama ninavyokata kipande cha gauni. Kisha nikafanya alivyokuwa akifanya baba yangu. Baba alikuwa fundi wa mitumbwi Chwaka, na mbao zake akizipaka sifa, yale mafuta ya maini ya papa, ili maji ya chumvi yasizile. Nikaagiza galoni moja, nikaipaka gari tumbo lote, mara tatu. Nyumba ikanuka. Mtaa ukanuka. Shemeji alipita siku moja kuleta mchele, akasimama mlangoni akiziba pua, akauliza kama maiti mwingine yumo ndani. Nikamjibu kutoka ndani kwamba manukato ndiyo yaliyokatazwa kwangu, na hayo hakuna kadhi atakayeyaita manukato.

Fundi alikuja wiki ya pili ya kazi hiyo. Sikumwita. Nilikuwa napiga kijiti cha chuma kilichoganda, napiga kwa nyundo na ghadhabu, mara nikasikia sauti ya mzee nje ya mlango wa ghala, "Hodi humu."

"Karibu, lakini mwenyewe nimo edani," nikasema.

"Najua. Nimekuja kukupa pole, nilikuwa safarini alipokufa." Akasoma dua fupi, akaniombea subira. Kisha akasema, "Na hapo unapopiga, unapiga pasipo. Tia mafuta, ngoja mpaka kesho, upige kwa pembeni."

Alikuwa fundi wa gereji ya serikali kabla hajastaafu, na gari ile akiijua tangu ilipokuwa ya Mgoa. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, nati ndogo haimkai tena vidoleni. Mimi mikono yangu haitetemeki, inatia uzi kwenye sindano bila miwani, lakini nilikuwa sijui kitu. Kesho yake nikapiga pembeni, kijiti kikatoka chenyewe, nikajua huyu mtu namhitaji.

Basi tukafanya hivi. Nilikuwa na pazia moja zito ambalo hoteli ililikataa kwa sababu mistari yake ilikwenda upogo. Nikalitundika kwenye mlango wa ghala, kutoka juu mpaka shubiri moja kutoka chini. Kila siku baina ya alasiri na magharibi fundi alikuja akakaa kwenye baraza yetu ya njiani, mgongo kwenye pazia, na mimi nikawa ndani na gari. Nikishindwa na kitu, nakiweka kwenye sinia ya shaba, nakisukuma chini ya pazia kama mtu anayepeleka wageni chakula. Anakishika, anakigeuza, anakinusa, ananirudishia na maneno. "Hiki kimekufa." "Hiki kizima, kioshe." "Hiki si cha gari hii, mumeo kakitoa wapi?" Wapita njia walizoea. Wengine walisimama wakasikiliza, na kuna mzee mmoja aliyekuwa akitoa ushauri wake pia, mpaka fundi akamwambia aende akanunue gari yake.

Nilijifunza mengi kwenye lile pazia. Nilijifunza kusaga vali kwa mkono, taratibu, mpaka zikae vikaoni pasipite pumzi. Nilijifunza kufunga nati za kichwa cha injini kwa zamu, kidogo kidogo, nikianzia katikati. Viti sikuhitaji mtu kunifunza. Nilivishona kwa ngozi nyeusi, na turubai la paa nikalishona mishono miwili miwili, na mishono yangu hiyo nionesheni mtu Unguja nzima anayeweza kuifikia. Siku nyingine mkono ulipokuwa ndani ya injini nikimsimanga marehemu kwa sauti. Namwambia, kumbe ni hili tu? Miaka thelathini na mbili hukuweza hili? Kisha nikifungua kopo jingine na kukuta kila kipande kimefungwa kwenye karatasi, kimefutwa, kikavu, namshukuru kimyakimya.

Zilipobaki siku kumi na moja tukaiwasha. Betri mpya, petroli safi, mafuta safi. Fundi nje akasema, "Bismillahi." Nikazungusha ufunguo. Ikakohoa, ikashika, ikanguruma ghala zima likatetemeka, kwa muda wa mtu kuvuta pumzi tatu. Kisha ikafa. Nikaiwasha tena. Ikashika, ikafa. Mara ya saba fundi akasema, "Wacha. Haipati kunywa." Akafikiri. "Zile jeti za kabureta, vile vijipande viwili vya shaba vyenye tundu dogo, ulivisafisha?"

"Nimevisafisha vizuri sana. Vinang'aa."

"Petroli haing'arishi shaba," akasema polepole. "Ulivisafisha na nini?"

"Na ndimu na majivu. Kama tunavyosafisha sinia."

Niseme kweli, wakati ule sikuona kosa langu. Tangu msichana mdogo nimefunzwa kuwa shaba haisafishwi kwa kitu kingine. Tangu lini mwanamke wa Kiunguja akaachia shaba yake nyeusi? Petroli aliyonielekeza fundi nilikuwa nimeijaribu, nikaona vimetoka vyeusi vilevile, nikaona aibu kuvirudisha hivyo. Nikavisugua mpaka nikajiona ndani yake.

"Bibi," fundi akasema, na sauti yake ilikuwa imepanda, "unatengeneza gari au unapamba harusi? Lile tundu dogo kuliko tundu la sindano yako! Umelijaza majivu, ndimu imeyagandisha, sasa unaniambia linang'aa!"

"Ungeniambia nisitie majivu."

"Nitajuaje kama kuna mtu duniani atatia majivu ndani ya kabureta?"

"Ungejua kama ungeshika mwenyewe kazi badala ya kukaa barazani ukipunga upepo."

Nilijua nimevuka mpaka pale neno lilipotoka. Mikono yake inatetemeka, na mimi ndiye niliyemtupia hilo. Nikasikia fimbo yake inagonga jiwe la baraza, nikasikia hatua zinakwenda. Nilitaka kumwita. Pazia lilikuwa mkononi mwangu, ningelisogeza kidogo tu. Lakini eda ni eda, na kiburi changu nacho ni kiburi, vyote viwili vikanishika pale pale.

Hakuja kesho yake, wala kesho kutwa. Siku ya tatu binti yangu akapiga simu kutoka Tunguu akasema, "Mama, mwombe radhi." Nikamwambia ashughulike na wanafunzi wake. Siku ya nne shemeji akatuma habari kwamba mwenye hoteli ameshaandaa lori, na kwamba hana haraka, atangoja mpaka nitoke. Nikashuka ghalani, nikafungua kabureta peke yangu.

Nikazitoa jeti, nikazielekeza kwenye taa, nikatazama. Giza. Kiza kitupu kama nimeziba kwa saruji ya shemeji. Nikaziloweka kwenye petroli siku nzima. Nikazipuliza kwa bomba la baiskeli, moja ikatema kidogo, ya pili ikakataa. Sindano ninazo za kila namna, lakini fundi aliwahi kunionya tangu mwanzo, kitu kigumu kikiingia pale tundu hupanuka na gari haitakwenda sawa tena. Nikakaa na kile kijipande kwenye kiganja, nikifikiri ni kitu gani chembamba kuliko sindano na laini kuliko shaba. Nikavuta unywele wangu mmoja. Mweusi ukapinda. Nikavuta mweupe, maana mweupe mgumu zaidi, Mungu naye ana hikma zake. Nikauloweka, nikausukuma taratibu, nikiuvuta na kuurudisha, nikipuliza, nikiuvuta. Vilinigharimu nywele kumi na nne. Karibu na alasiri nikazielekeza tena kwenye taa, nikaona nukta mbili za mwanga, moja kila tundu.

Nikafunga kabureta. Nikazungusha ufunguo. Ikakohoa, ikashika, na haikufa. Nikakaa kwenye kiti changu cha ngozi ndani ya ghala lililojaa moshi na harufu ya papa, nikaiacha ingurume mpaka majirani wakagonga ukuta.

Siku mbili kabla sijatoka eda, alasiri, nikasikia fimbo kwenye baraza. Akakaa. Nikaiwasha gari. Akaisikiliza muda mrefu.

"Sasa inapumua," akasema. "Upande wa kushoto kaza kidogo, robo mzunguko tu."

Nikakaza robo. Nikampelekea chai juu ya sinia, chini ya pazia, na kipande cha mkate wa mchele. Akala, sinia akairudisha. Hakuna aliyemwomba mwenzake radhi, lakini kile kipande cha mkate nilikikata kikubwa, na najua alijua.

Siku ya kutoka eda nyumba ilijaa wanawake. Walisoma dua, wakanikosha, wakanivisha gauni jipya, wakanitia asumini na marashi na udi. Mmoja akasema, "Bado ananuka papa." Nikamwambia papa ndiye atakayenifikisha. Kisha nikavaa buibui langu, nikashuka ghalani, nikalivuta pazia chini kwa mkono mmoja. Fundi alikuwa amesimama upande wa pili. Miezi yote ile nilikuwa namwona kichwani mwangu mtu wa kimo na kifua, kumbe mzee mdogo, kofia yake imempwaya.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba," akasema, akitazama gari si mimi. "Rangi mpya hukuniambia ni kijani."

Binti yangu akakaa kiti cha pili. Shemeji alikuwa njiani na gari yake mwenyewe, mpya, ya fedha, akafungua mlango fundi aingie, na akaanza kutufuata. Watu walisimama mpaka Mkunazini. Sikumpungia mtu mkono, nilikuwa nasikiliza injini. Amani tukapita, Mwera tukapita, ikipanda gia kama niliyoiota. Binti yangu alikuwa anacheka na kulia pamoja, akishika dirisha lisilofungika.

Tulipofika Dunga ikachemka. Nikaona mshale unapanda, moshi mweupe ukatoka pembeni ya boneti, nikaiegesha chini ya mti na kuizima. Shemeji akateremka, akaja akiwa na simu mkononi.

"Basi shemeji. Umejitahidi, kila mtu ameona. Tumalizie hapa, niwaite wa lori."

"Kwa nini?"

"Imesimama."

"Imepumzika. Uliniambia ifike Chwaka kwa injini yake. Hukuniambia saa ngapi, wala hukuniambia isipumzike. Imamu alisikia, nikampigie?"

"Shemeji, usiwe hivyo."

"Hivi ndivyo nilivyo," nikasema. "Miezi minne na siku kumi nimekaa ndani. Leo nikikaa hapa Dunga mpaka kesho, nitakaa."

Nikakaa kweli, kwenye nyasi, na buibui langu na marashi yangu. Fundi hakuteremka. Akasema tu kwa dirishani, "Kifuniko cha maji asifungue mtu mpaka kipoe." Tukangoja. Binti yangu akaomba ndoo ya maji kwenye nyumba ya karibu. Ilipopoa tukaifungua kwa tambara, tukaipa maji taratibu, na mpira mmoja wa maji uliolegea nikaukaza. Shemeji alisimama pembeni muda wote, jasho linamtoka, na simu hakuipiga.

Tulifika Chwaka kabla ya alasiri. Mama yangu hatembei sasa, alikuwa ametolewa kizingitini kwenye kiti chake. Macho yake hayaoni vizuri. Nilipoinama kumbusu mkono akanivuta karibu, akanusa shingo yangu, na marashi yote yale ya wanawake wa mjini hakuyasikia.

"Unanuka kama baba yako," akasema.

Nilipogeuka, shemeji alikuwa amesimama kando ya gari. Alipiga simu moja fupi, akasema, "Msije. Haiuzwi." Kisha akaiweka mfukoni. Mkono wake ulikuwa juu ya mlango wa dereva, hakuufungua.

"Nilikuwa na miaka kumi na mbili alipoinunua," akasema, bila kunitazama. "Nilimwomba nikae kidogo tu, hata bila kwenda. Akaniambia, ukikua. Nikakua. Akaniambia nitampotezea skrubu."

Nilimtazama yule mwanamume wa miaka arubaini na zaidi, mwenye duka na gari ya fedha, na nikajua kwa nini alitaka ile gari itolewe injini, itiwe barafu. Hasira yake nilikuwa naijua vizuri sana, nimeishi nayo nyumba moja.

Nikachomoa ufunguo, nikamfungulia mlango.

"Kaa," nikamwambia. "Ila ufunguo unabaki kwangu."

Akavua viatu, sijui kwa nini, akaingia. Akashika usukani kwa mikono miwili, akatazama mbele ukutani kwa mama yangu. Ndani wakaita chakula tayari. Hakutoka upesi, na mimi sikumharakisha.